Safari ya Kua, na Habari za Miguu Miwili

Wako waliouliza kwa nini katika mwezi wa Oktoba uliopita hatukuonekana vituoni kama desturi, na wako waliosikia ya kuwa tulivunjika mguu huko Mafia, tukachukuliwa kwa machela. Hatukuvunjika, wala machela hatukuiona. Habari ipitapo midomo mingi hutiwa chumvi; basi tumeona heri tuieleze wenyewe, na pamoja nayo tueleze mahali penyewe, yaani Kua, kwa kuwa ni mahali pa kuonwa na watu; tena tueleze habari za mguu mwingine, usio wetu, ambao ndio hasa uliotushikisha kalamu.

Lakini kwanza hatuna budi kukiri jambo. Mguu wetu wa kuume ulikuwa na neno tangu miaka miwili kabla ya safari. (Tusemapo "mguu wetu" msomaji asidhani ni mguu wa kundi, ni mmoja tu, nasi twausema hivyo kwa desturi ya gazeti hili.) Kila alfajiri tulipoteremka kitandani, hatua ya kwanza ilikuwa kama kukanyaga msumari kwa kisigino. Baada ya hatua kumi au ishirini maumivu hupungua, hata mtu akajisahau. Jioni, baada ya kusimama mbele ya watoto saa sita, hurudi. Walimu wenzetu wanaijua habari hii, maana si sisi peke yetu. Nasi tulifanya nini? Tulikwenda kwa muuza dawa, tukanunua vidonge vya maumivu, na vilipokwisha tukanunua vingine. Miaka miwili! Hata tumbo likaanza kuungua, tukanunua na vidonge vya tumbo. Kwenda kwa tabibu kwa sababu ya kisigino tuliona ni aibu, kama mtu mzima aendaye barazani kushitaki kwamba ameumwa na sisimizi.

Katika hali hiyo tulifunga safari ya Mafia, wakati wa likizo ya Septemba, pamoja na mwalimu mwenzetu, mzaliwa wa Rufiji. Nia yetu ilikuwa kuona magofu ya Kua kwa macho, tupate kuwafundisha watoto habari za pwani bila kubahatisha. Tulitoka Dar es Salaam, tukaiacha barabara kuu ya kusini, tukashika njia ya Nyamisati, mahali inapoishia bara na kuanza mikoko. Kutoka hapo chombo hupita kwanza katika vijito vya Rufiji. Mwenzetu akatuonyesha kwa kidole upande ilikojificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, katika vita ya 1914, hata Waingereza walipoitwaa Mafia mwezi wa Januari 1915, wakaiangamiza ile manowari mwezi wa Julai mwaka uleule. Kisha tukatoka katika bahari wazi, na hapo abiria wengi wakanyamaza kimya, sisi tukiwa miongoni mwao.

Kilindoni ndio mji mkuu wa Mafia tangu 1913; kabla ya hapo serikali ilikaa Chole, kisiwa kidogo upande wa mashariki. Tulilala usiku mmoja, asubuhi tukapanda gari mpaka Utende, na kutoka Utende tukachukua mashua. Nahodha alitazama maji kabla ya kutazama nauli. Alisema, "Kua hakuendwi kwa haraka ya mtu, huendwa kwa haraka ya maji." Na ndivyo ilivyo, maana njia ya kuingilia hupita kwenye mikoko, na maji yakipwa chombo hukaa juu ya matope mpaka bahari irudi.

Kua ni mji uliokufa. Uko pwani ya magharibi ya kisiwa cha Juani, ukiielekea Mafia kuu ng'ambo ya maji. Mtu akitoka mikokoni hupanda kidogo, na mara aona kuta: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, misikiti zaidi ya mmoja, makaburi, na jumba kubwa la ghorofa ambalo watu huliita la mfalme. Mapaa yameanguka yote. Mizizi imeingia katika nyufa za kuta, mahali pengine imezipasua, na mahali pengine, ajabu, ndiyo izishikayo zisianguke. Mibuyu imesimama katikati ya vyumba kama wageni waliokaribishwa wakasahau kuondoka. Wajuzi husema kuta nyingi tuzionazo ni za karne ya 18. Bwana Freeman-Grenville, mwandishi wa habari za kale za pwani yetu, alichimba hapa mwaka 1955.

Mwisho wa mji ulikuja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Wasakalava walitoka Bukini kwa mitumbwi mingi, wakaushambulia mji, wakaua, wakachoma, na wale waliowashika wakawachukua utumwani. Waliosalia hawakuujenga tena. Walivuka wakakaa Chole, na Kua ikaachiwa miti na kima.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Juani, umri wake yapata miaka sitini na mitano, mrefu, mwenye sauti ya chini. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuita "walimu", akatangulia mbele kwa ndara zake za mpira, mwepesi kama kijana. Sisi tulifuata nyuma tukichechemea kwa kile kisigino. Ardhi ya Kua, msomaji ajue, si mchanga. Ni mwamba wa matumbawe wenye meno, na juu ya meno yake yametandazwa majani makavu, hata jicho haliwezi kupambanua penye mwamba na penye shimo. Mzee alituonya mara mbili. Mara ya tatu hakupata nafasi, kwa maana tulikuwa tukitazama juu dirisha la jumba la mfalme, tukaweka mguu mahali pasipo kitu. Wayo uligeukia ndani, tukasikia mlio mdogo kama kijiti kinachokatika, tukawa chini.

Hatutasimulia yaliyotutoka mdomoni. Kifundo cha mguu kilivimba upande wa nje mbele ya macho yetu, na kwa kitambo kidogo kikawa kama yai la bata. Nasi tulilia kwa hofu kuliko kwa maumivu. Kazi yetu ni ya miguu: vituo vitano, na kati ya kituo na kituo hapana gari. Mtu wa kazi kama hii asiye na mguu ni nini? Tuliwaza habari hiyo tumekaa palepale, mgongo umeegemea ukuta wa mfalme. Ikatujia kumbukumbu kwamba Luka, naye alikuwa tabibu, alipoandika habari za yule kiwete wa mlango wa hekalu hakutaja nyayo tu, alitaja na vifundo vya miguu. Siku zote tulikuwa tumelisoma neno hilo bila kulitazama.

Maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Mashua imekaa matopeni, na nahodha akasema saa nyingi bado. Basi tulikaa chini ya mbuyu, mguu wetu umewekwa juu ya gunia, na mzee, ili kutusahaulisha, alitupa hadithi ya Kua na Kisimani.

Kisimani, alisema, ulikuwa mji mwingine wa Mafia, upande wa magharibi, ambao bahari imekwisha kuula sehemu kubwa. Watu wa miji hii miwili hawakupatana. Watu wa Kisimani walijenga jahazi, na siku ya kulishusha waliwaalika watu wa Kua. Kisha wakawakamata watoto wa Kua, wakawafunga mikono na miguu, wakawalaza mchangani badala ya magogo, jahazi likapitishwa juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka. Wakajenga chumba chini ya nyumba, wakatangaza arusi, wakawaalika watu wa Kisimani wote wenye cheo. Wageni wakashushwa chini, wakapewa vyakula na ngoma. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, wakabaki wageni na mzee mmoja wa Kua, aliyejitolea kukaa nao akiwazungumza wasishuke mashaka. Mlango ukajengwa kwa mawe. Hawakuonekana tena, wala wao wala yule mzee.

Hiyo ni hadithi ya wazee, nasi tunaitoa kama tulivyoipokea. Lakini mwenzetu hakuwa akisikiliza. Tulimwona akitazama mguu wa kushoto wa msimulizi. Mzee alikuwa amevua ndara na kunyosha miguu, na inzi walitua chini ya dole gumba, wakaruka, wakatua tena. Mwenzetu akamwomba radhi, akainama akatazama. Pale palikuwa na kidonda kipana kama sarafu, chenye kingo nyeupe ngumu, ndani kina majimaji, na dole lenyewe limeanza kuwa jeusi kwa upande mmoja.

"Mzee wangu, hiki ni cha tangu lini?"

"Hicho? Tangu kusi lilipoanza. Nilikanyaga tumbawe, nadhani. Hakiumi."

"Hakiumi hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwalimu. Mguu wenye haja ya tabibu ni wa mwenzako, anayelia."

Tukacheka sote isipokuwa mwenzetu. Baadaye alituambia kwa siri kwamba mama yake mzazi alikuwa na kidonda cha namna ileile kisichouma, na watu wa nyumbani wakafurahi kwa kuwa hakiumi, na mwisho mguu ulikatwa juu ya goti, na mama hakumaliza mwaka.

Usiku ule tulilala nyumbani kwa mzee. Hapa tulifanya kosa, nalo twalieleza ili wengine wasilifanye. Jirani mmoja, mtu mwema, ajulikanaye kwa kuchua viungo, aliitwa. Alipasha mafuta ya nazi, akaushika mguu wetu, akauvuta, akauchua kwa nguvu zake zote ili "kuurudisha mshipa". Tulikubali kwa adabu ya mgeni. Asubuhi ile yai la bata lilikuwa nazi, na rangi ya wino ilikuwa imeshuka mpaka vidoleni. Kumchua mtu si jambo baya kwa wakati wake. Lakini mguu uliovimba siku hiyohiyo hautaki moto wala kuvutwa. Wataka baridi, bandeji, na kuinuliwa juu.

Kwa kuwa hatukupata usingizi, tuliyasikia mambo ya nyumba. Mzee aliamka mara nne kunywa maji na mara nne kwenda nje. Asubuhi binti yake, mama mwenye nyumba, alinung'unika akipiga pipa kwa mkono lisikike lilivyo tupu. Juani maji matamu ni haba, watu hukinga ya mvua, na Septemba ni mwezi wa kupima kata kwa kata. "Baba anatumalizia maji," alisema. "Tangu mwaka jana kiu yake haiishi. Na pale anapokwenda haja, sisimizi hawabanduki." Mwenzetu alitutazama. Watu wa pwani tangu kale huijua ishara ya sisimizi, lakini kuijua ishara na kuifuata njia yake ni mambo mawili.

Mzee hakutaka kwenda Kilindoni. Alikubali mwishowe kwa hila: mwenzetu alimwambia kwamba mgeni wake hawezi kutembea, na si desturi ya mwenyeji kumwacha mgeni mgonjwa aende peke yake. Basi alikuja kama msindikizaji wetu. Alitushika kwapani kuingia mashuani, na kututoa, na kutupandisha garini. Mwenye kidonda alimchukua mwenye mteguko.

Hospitalini tulikaa bencheni pamoja na watu wengi, na miguu ilikuwa mingi. Mkabala wetu palikuwa na mvuvi mwenye matende, mguu mzito kama kinu. Ugonjwa huo huenezwa na mbu, nao umeisumbua pwani yetu tangu zamani. Serikali ilipoanza kazi ya kuufuta kwa kuwagawia watu wote dawa mara moja kwa mwaka, ilianzia hapahapa Mafia, mwaka 2000. Dawa huzuia vijidudu visipite kwa wengine. Lakini mguu uliokwisha kuvimba huhitaji kuoshwa kila siku kwa sabuni, kukaushwa katikati ya vidole, na kuinuliwa. Yule mvuvi alituambia anaosha. Tulimwuliza kwa maji gani. Akasema, "Ya bahari, kisha kikombe kimoja cha mvua." Tulikumbuka lile pipa.

Tabibu alikuwa kijana. Alianza na sisi, kwa kuwa ndio tuliokuwa tukiugua kwa sauti. Alitazama, akabonyeza kwa kidole nyuma ya mfupa wa nje wa kifundo, kisha nyuma ya ule wa ndani, kisha mifupa miwili ya katikati ya wayo, akiuliza kila mara, "Hapa je?" Mahali pa mifupa hapakuuma, paliuma mbele kidogo, penye nyama. Akatuamuru kusimama na kwenda hatua nne. Tulikwenda, kwa machozi. Akasema, "Haujavunjika. Ni kano za upande wa nje zilizonyoshwa, na moja imechanika kidogo. Hakuna haja ya picha."

Tulinung'unika moyoni. Tumevuka bahari, nasi tunanyimwa hata picha! Aliona usoni petu, akatueleza kwa upole. Kanuni hiyo ilitungwa na matabibu wa mji wa Ottawa, nchi ya Kanada, wakaitangaza mwaka 1992: mtu mzima asiyeumwa mifupa ile inapobonyezwa, naye aweza kwenda hatua nne, ni mara chache mno kukutwa amevunjika, basi asipoteze fedha. Lakini akishindwa hatua nne, au mfupa wenyewe ukiuma, apigwe picha bila kukawia. Kisha alitufunga bandeji, akatuazima magongo, akasema tupumzike siku mbili tatu tu, ndipo tuanze kuuzungusha mguu na kuukanyagia kidogo kidogo, maana kano ikilazwa muda mrefu husahau kazi yake. Yote hayo hayakuchukua robo saa.

Ndipo mwenzetu aliposema, "Bwana tabibu, kuna na mguu wa huyu mzee."

Na hapo yule kijana alibadilika. Alivuta kiti akakaa chini, mguu wa mzee akauweka juu ya paja lake. Aliubonyeza penye mapigo ya damu, juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Akamwambia afumbe macho, akamgusa vidole kwa uzi mwembamba wa nailoni, akisema, "Ukisikia, sema ndiyo." Mzee alikaa amefumba macho, uso mtulivu, akingoja kuguswa. Alikwisha kuguswa mara sita. Hakusema ndiyo hata mara moja. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni akiona, akajifunika uso kwa kanga.

Kipimo cha damu kilionyesha 21. Kwa mtu asiyefunga, mwenye kiu kama ile, kufika 11 tu kwatosha kuitwa kisukari. Tabibu akaeleza kwa maneno tuliyoyaandika usiku uleule. Sukari ikizidi damuni miaka mingi huharibu neva, na zile ndefu kuliko zote, ziendazo nyayoni, hutangulia kufa. Mguu usiosikia haulindwi na mwenyewe. Mwenye mguu mzima akikanyaga tumbawe hupiga kelele, hukaa chini, hupumzisha. Mwenye ganzi huendelea kutembea juu ya kidonda siku arobaini, naye ashukuru kwamba haumwi. "Mwalimu," alisema akitugeukia, "kelele zako ndizo dawa yako."

Tulijiona wadogo sana.

Alimwosha kidonda, akampa dawa ya kuua vijidudu, akaanza kuishusha sukari, akaandika barua ya kwenda Muhimbili, Dar es Salaam. Mzee aliposikia Dar es Salaam alisimama. Alisema hatakwenda kukatwa. Wangapi wa Juani walikwenda na miguu miwili wakarudi na mmoja? Tabibu hakumdanganya. Alimwambia, "Dole hili huenda likaenda. Ninakutuma sasa ili wayo ubaki."

Siku mbili mzee alikataa. Tulikaa Kilindoni tukiwa na magongo yetu, nasi hatukuwa na neno la kumwambia. Nani angemsikiliza mgeni aliyeanguka kwa kutazama dirisha? Aliyemgeuza ni mwalimu wa madrasa wa Juani, aliyevuka makusudi. Hakuhutubia. Alimwuliza tu atasimamaje katika safu kwa mguu mmoja, na kama anataka kuwa yule mzee wa Kua, aliyebaki chumbani akizungumza huku mlango unajengwa. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza chombo chaondoka saa ngapi.

Fedha ilipatikana kwa kuweka rehani minazi kumi na minane. Twaandika hesabu hii kwa sababu wasomaji wengine husema watu wa visiwani hawapendi hospitali. Kupenda ni jambo moja. Nauli, chakula cha msindikizaji, na mahali pa kulala Dar es Salaam ni jambo lingine. Hospitali iliyo ng'ambo ya bahari huanza kugharimu kabla ya kufikiwa.

Huko Dar es Salaam utunzaji wa miguu ya wenye kisukari umefundishwa kwa bidii kwa miaka mingi. Daktari Zulfiqarali Abbas ni mmoja wa waliojulikana kwa kazi hiyo mpaka nchi za mbali. Tangu mapema miaka ya 2000 yeye na wenzake, wakishirikiana na matabibu wa India, wamewafundisha madaktari na wauguzi kuitazama miguu kabla haijaoza. Mzee wetu alikaa majuma matano. Alipoteza dole gumba na la pili. Wayo ulibaki, na kisigino, na kifundo. Aliambiwa kwamba mwezi mmoja zaidi ungalimfikisha chini ya goti.

Sisi nasi, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kufika mjini, na aibu ya kisigino ilikuwa imetuisha, tulikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akatubonyeza chini ya kisigino kwa dole gumba, tukaruka. Akasema ni ule utando mgumu ushikao wayo kutoka kisigino mpaka vidoleni, umechoka kwa kusimama juu ya saruji na viatu vyembamba. Vidonge havikuwa na kazi hapo. Alituonyesha kusimama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma umenyoshwa, kisigino kisiinuke, tukihesabu thelathini, mara kadhaa kila siku. Na kabla ya kushuka kitandani kuvivuta vidole kwa mkono kuelekea ugoko. Akaongeza zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, kwa ajili ya kile kifundo kilichoteguka, maana kilichoteguka mara moja hupenda kuteguka tena. Tena tununue viatu vyenye kisigino kinene kidogo. Akasema tusitazamie muujiza wa juma moja. Wengi hupona, lakini huchukua miezi, pengine mwaka. Sasa ni mwezi wa sita, nasi alfajiri twateremka kitandani bila kushika ukuta. Watoto wa darasa la nne wamekwisha kuyajua mazoezi yetu, na huyafanya nyuma yetu wakicheka.

Jambo moja tulijifunza ambalo hatukulijua: kwamba katika nchi yetu mtu wa kutazama miguu si mmoja, wala hana kibao chenye jina la miguu. Aliyevunjika ataelekezwa kwa madaktari wa mifupa, kama wale wa MOI, taasisi iliyowekwa na sheria ya 1996 pale Muhimbili. Anayehitaji kiatu cha namna yake, au chuma cha kushika mguu, atapelekwa kwa mafundi wa viungo, ambao wengi wao wamesomea Moshi, katika chuo kilichoanza 1981 karibu na hospitali ya KCMC. Mtoto azaliwaye na nyayo zilizopinda kuelekea ndani hunyoshwa kwa hogo linalobadilishwa kila juma, na kazi hiyo huanza vizuri katika majuma ya kwanza ya uhai wake. Mama asimfiche ndani. Na milango yote hiyo huanzia kwa tabibu wa zahanati iliyo karibu, akitazama mguu uliovuliwa kiatu. Twasisitiza uliovuliwa. Ni wangapi wetu tumeeleza habari za mguu huku mguu wenyewe umo ndani ya soksi?

Mwezi wa Februari tulirudi Juani kumwona mzee. Alikuja kutupokea pwani kwa viatu vya ngozi laini vilivyoshonwa kwa kipimo chake, tusivyodhani kuviona kwake. Tulimwambia shikamoo, akaitika, akatazama mguu wetu kabla ya kututazama uso. Kua hakutuongoza tena; kazi hiyo ameiacha kwa mpwa wake, kwa sababu ya yale mawe. Minazi sita imekwisha kukombolewa.

Aliambiwa hospitalini akaushe katikati ya vidole kila baada ya kutawadha, basi hufunga kitambaa cheupe kiunoni kwa kazi hiyo tu. Aliambiwa pia atazame nyayo zake kila jioni, lakini macho yake ni hafifu, wala mgongo haumruhusu. Kwa hiyo kazi hiyo amepewa mjukuu wake, msichana wa miaka tisa. Baada ya magharibi mzee hulala mkekani, naye huketi miguuni pake na taa ya simu, hupekua kidole kimoja kimoja, na mahali palipokuwa vidole viwili, kisha humwita mama yake na kusema, "Safi." Jioni ile tulipokuwapo hakusema safi. Alikaa kimya kidogo, akaisogeza taa, akasema kuna mwiba. Tulisogea sote tukaona: mwiba mweusi, mrefu kama ncha ya kalamu, umeingia kisiginoni pembeni ya kiatu. Mzee alikuwa akituuliza habari za bei ya nazi huko bara. Hakuwa na habari nao.